Kamba ya Nguo ya Mama Becky

Ukiingia kwa Wanjugu usihangaike kutafuta meza ya kulia. Iko, tena ya mvule, ya watu wanane, lakini ilitekwa zamani. Juu yake kuna redio mbili zinazopasha chumba joto, mita zenye mishale, spika iliyopasuka ikafungwa utepe, na pale pa kuweka bakuli la sukumawiki kuna kidude cha shaba cha kugongea Morse, zile herufi za milio mifupi na mirefu, kimeng'arishwa na kidole cha mtu mmoja kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwenyewe hula kwenye kochi, sahani mapajani, sikio moja limebaki mezani.

Hizi si redio za kusikiliza taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Ni za kuita. Wanjugu ana leseni ya serikali na jina la hewani lenye herufi na tarakimu, na kazi yake, ambayo halipwi hata senti moja, ni kugonga jina hilo angani na kungoja aone nani duniani ataitika. Ameitikiwa na daktari wa meno wa Brazil, padri wa Poland, na mkulima wa New Zealand ambaye kila mwaka lazima amwambie kondoo wake wamezaa wangapi. Desturi ya watu hawa ni kwamba mkishasikizana, mnatumiana kadi kwa posta iwe ushahidi, maana kwa kutia chumvi hawajambo. Ukuta wa sebule umejaa kadi hizo kutoka dari hadi kwenye soketi.

Becky, binti yake anayekaa mtaa wa Satellite, huja Jumapili na matunda na swali lile lile. Mum, si uwapigie tu kwa WhatsApp? Wanjugu humjibu kwamba simu humpata mtu unayemjua, na yeye watu anaowajua wanamtosha sana. Becky huguna akaenda kuosha vyombo.

Lakini katikati ya ukuta ule kuna nafasi tupu, ya ukubwa wa kadi moja. Becky aliwahi kutundika kalenda ya benki pale. Kesho yake ikakutwa chooni. Nafasi ile ni ya kisiwa kimoja huko kusini kabisa, kwenye bahari ya barafu, ambako hakuna duka wala kanisa wala mtu, ni ngwini watupu, wale ndege wa barafu wasioruka. Huwezi kukizungumzisha kisiwa kisicho na watu. Unangoja mpaka wendawazimu fulani wa redio wachangishane, wakodi meli, wapige mahema pale kwa siku chache, waite dunia nzima, kisha waondoke kabla baridi haijawala. Hilo hutokea mara moja kwa miaka mingi. Mara ya mwisho, Wanjugu alikuwa anamzika mume wake, Kuria.

Rafiki yake Jaswinder hakuwa anazika mtu. Jaswinder Singh ndiye aliyemfundisha Morse, enzi zile Wanjugu akiwa opareta wa simu katika hoteli moja ya katikati ya mji na Jaswinder akitengeneza redio kwenye kaduka kembamba pale barabara ya Luthuli. Siku ya mazishi alichelewa. Alifika maombi yameisha, tai upande, kilemba kimekaa vibaya, akapenya hadi ukingoni mwa kaburi, akampa mjane mkono na kumnong'oneza kwamba pole sana, na kwamba amekipata kile kisiwa. Wanjugu alicheka mbele ya ukoo mzima wa Kuria. Wengine hawajamsamehe mpaka leo. Yeye husema ndicho kicheko pekee alichopata wiki ile, na kwamba Kuria mwenyewe angecheka kwa sauti zaidi.

Tangu hapo Jaswinder, ambaye ana nyumba yake Parklands na mlingoti mrefu kuliko minazi ya watalii, hamalizi wiki bila kumkumbusha. Akimpigia simu humsalimia kwa niaba ya ngwini. Na Wanjugu, aliyekwisha kutimiza miaka sabini, alikuwa amepiga hesabu zake kimyakimya. Wakienda tena na yeye akikosa, safari nyingine itamkuta pale alipo Kuria.

Sasa tuje kwa Mwenyekiti.

Zamani jengo lao lilikuwa la mwenye nyumba mmoja asiyepanda ngazi, na Wanjugu alitandaza waya wake juu ya paa miaka na miaka pasipo mtu kujua. Kisha fleti zikauzwa moja moja, wakaazi wakaunda kamati, na kamati ikampata mwenyekiti, Tobias. Tobias alistaafu kazi ya bima, ni mjane kama Wanjugu, na mlango wake unatazamana na wake kwenye korido ya juu kabisa. Ni mtu anayevaa tai kwenda kutupa takataka. Nyuma ya sikio la kushoto huvaa kifaa cha kusikilizia, kikubwa, cha rangi ya chai, kilichokuwa cha marehemu kaka yake. Watoto wake walimtumia pesa anunue kipya, naye akanunua tangi la maji la jengo, akawaletea wakaazi risiti.

Katika mkutano wa kwanza kabisa, Tobias alisimama akasema kuna kitu kinamgonga sikioni. Kinagonga, kinanyamaza, kinagonga tena, na anashuku ule waya wa Mama Becky. Basi! Ungedhani amefungua bomba. Komal wa ghorofa ya pili akakumbuka kwamba kichwa humuuma kila Jumanne. Mwingine televisheni yake ina chenga. Mwingine maziwa yake yanaganda kabla ya wakati. Mzee mmoja alisema mbwa wake amekuwa mnyonge, na wakaazi wakatikisa vichwa kwa huzuni, ingawa jengo lile haliruhusu mbwa.

Wanjugu alienda nyumbani akijihisi ametukanwa kweli kweli. Akampigia Jaswinder, na Jaswinder, badala ya kumliwaza, akamcheka, kisha akampa shauri ambalo watu wa redio hupeana kwa siri kama dawa ya nguvu.

"Wewe mama unaficha kitu ndogo, ndio maana wanaona kubwa," alimwambia. "Wape kubwa. Lakini hio kubwa usifunge na kitu."

Jumamosi ile alikuja na pikapu. Walipandisha paani antena nne kuukuu za televisheni, rimu ya baiskeli, mfuniko wa sufuria ya kupikia shule nzima, na juu kabisa taa nyekundu ya kuwakawaka. Wakaviunga pamoja mpaka likasimama dude la kutisha, ungesema linaongea na majini. Halikuunganishwa na chochote. Hata taa ilikuwa ya betri.

Na waya wa kweli? Hapo ndipo Wanjugu alipojivunia. Paani kulikuwa na kamba za kuanika nguo, za wakaazi wote, zimeshika kutu na kuchafua shuka za watu. Mama Becky, kwa ukarimu wake, alijitolea kuweka mpya, waya mzuri uliovikwa plastiki ya kijani, uliofungwa ncha zote mbili kwenye nguzo za mbao. Kamati ikamwandikia barua ya shukrani. Hakuna aliyeuliza kwa nini kamba ya nguo imepimwa urefu kwa uangalifu namna ile, wala kwa nini kwenye moja ya ncha zake kuna kawaya kembamba kanakoteremka na bomba la maji hadi dirisha la jikoni kwa mfadhili.

Lile dude lilifanya kazi yake. Malalamiko yaliongezeka mara tatu. Komal sasa kichwa kilimuuma hata Alhamisi. Mkutano ukaitishwa, Wanjugu akasimama na leso mkononi, akaomba radhi kwa mateso yote aliyowasababishia majirani, akaahidi kuling'oa. Alililia kidogo. Walipoliteremsha, wakaazi walitoka kwenye varanda kulitazama likipita kama jeneza la adui.

Na wakapona wote. Komal alilala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu harusi yake. Televisheni zikang'aa, maziwa yakatulia. Katika mkutano uliofuata Tobias alisimama wa mwisho, akarekebisha tai, akasema kwa sauti ya chini kwamba na yeye sikio lake limetulia, asante. Wakati huo huo, kwa mwezi mzima, Wanjugu alikuwa amezungumza na nchi ishirini kwa kamba ya nguo.

Alifurahi mpaka akapata kiungulia. Maisha yalikuwa matamu. Usumbufu wake ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa nguo. Nguo mbichi huuvuruga waya, na mshale wa mita humwambia. Alijifunza kujua kwa mshale peke yake kwamba wameanika shuka, au taulo. Suruali za jinzi za kijana wa ghorofa ya kwanza zilimkosesha Peru. Akaanza kuwaambia wasichana wa kazi kwamba kamba ya kijani ni ya vitu vyepesi tu, nguzo zake ni dhaifu. Hilo walau lilikuwa kweli.

Tena kulikuwa na mchezo mwingine, na huu ndio aliupenda kuliko yote. Kila akikaa mezani kugonga, baada ya muda husikia mlango wa pili ukifunguliwa. Akichungulia kwenye tundu la mlango wake humwona Tobias amesimama kizingitini, anatazama korido, kulia, kushoto. Kisha hufunga. Wanjugu akigonga tena, mlango unafunguliwa tena. Mpelelezi! Alikuwa na hakika kwamba Mwenyekiti anamvizia, anataka kumfumania. Basi akawa anamchezea. Anagonga kidogo, ananyamaza, anasikiliza kitasa kikizunguka, anajifunika kinywa na mto asisikike akicheka. Alimsimulia Jaswinder, na Jaswinder naye akawa anauliza kila jioni kama Mwenyekiti ameshakagua korido yake.

Habari za kisiwa zilimfikia mwezi ule ule. Meli imeondoka, mahema yamepigwa, wako hewani. Siku za kwanza Wanjugu hakuambulia kitu. Dunia nzima ilikuwa inawaita kwa pamoja, vibabu vya Ulaya na Marekani vyenye mitambo ya kuangusha ndege, na yeye ana wati chache na kamba ya nguo. Alikaa pale mezani mpaka miguu ikavimba. Becky alikuja, akatazama nafasi tupu ukutani, akamtazama mama yake, na kwa mara ya kwanza hakutaja WhatsApp. Alimpikia uji akamwachia kwenye chupa ya chai.

Jumamosi alasiri Jaswinder alipiga simu, na hakusalimia kwa niaba ya ngwini.

"Mama, upepo imekuwa mbaya huko. Wanafunga hema. Iko hii saa tu, halafu basi. Wamebaki wanasikiliza Afrika pekee. Ita sasa."

Afrika pekee! Vibabu vyote vimenyamazishwa. Wanjugu aliangusha simu, akavaa vipokea sauti, na akawasikia, wembamba kama mbu lakini wazi, wakiita. Mkono wake ukaenda kwenye kidude cha shaba. Hapo hapo mshale wa mita ukaruka hadi mwisho ukagoma kurudi, na hewani kukawa kimya kabisa, mbu na bahari yake wote wametoweka.

Shuka hazifanyi hivyo. Hata jinzi hazifanyi hivyo. Alizipanda ngazi za paani akiwa na ndara mguu mmoja tu.

Huko juu alimkuta Nakhumicha, msichana anayemfulia Tobias, amesimama mikono kichwani. Alikuwa ameanika mablanketi mawili ya Mwenyekiti, yale mazito ya zamani yenye simba, yametoka kwenye beseni yakitiririka maji. Nguzo ya upande wa pili ilikuwa imekatika chini kabisa. Waya, simba na vibanio vyote vilikuwa vimelala juu ya saruji. Nakhumicha alianza kujitetea kwamba Jumamosi kamba zote zinajaa, angeanika wapi, na Wanjugu bila kumjibu neno alikuwa tayari anavuta simba mmoja kwa mkia. Alimtuma binti wa watu chini na mablanketi yote mawili, kisha akajaribu kuisimamisha nguzo. Ikasimama. Akiiachia inaanguka. Hapakuwa na kamba ya kuifungia wala jiwe la kuiegemeza, na mtu hawezi kushika nguzo paani na kugonga Morse mezani kwa wakati mmoja.

Mlango wa paa ukafunguliwa, akatokea Tobias na tai yake, amekuja kuulizia mablanketi.

Akamkuta Mama Becky, ndara moja, amekumbatia nguzo ya kamba ya nguo kama mtu anayecheza dansi na mlevi. Wanjugu alimtazama, na akili yake, ambayo haijawahi kumkosesha uongo mzuri, ikaanza kufanya kazi. Amwambie ashike nguzo hii dakika chache tu, ateremke kuleta nyundo. Ashike mti, asiguse waya, maana ni mchafu. Mwenyekiti mwenyewe awe mlingoti wake! Jaswinder angezimia. Kicheko kilikuwa tayari kinampanda kooni.

Alimwomba hivyo hivyo. Tobias akaja akaishika nguzo kwa mikono miwili, bila swali, akaiinua wima. Wanjugu alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia anaitwa.

"Mama Becky. Kabla hujaenda. Wewe husikii mtu akigonga?"

Aligeuka. Tobias hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama mikono yake kwenye mti.

Alisema anaomba iwe siri yao. Kule kwenye mkutano alidanganya. Sikio lake halikupona hata siku moja. Lile dude liliondoka, watu wote wakapona, yeye peke yake akabaki anasikia, sasa angesimamaje kuwaambia? Amekwenda kwa daktari Parklands mara mbili, akaambiwa masikio ni ya umri wake tu. Anasikia kama mtu anagonga mlango kwa kidole. Anakwenda anafungua, hakuna mtu. Anafunga, wanagonga tena.

"Mama yangu alianza hivyo," alisema. "Alikuwa anafungulia watu ambao hawapo. Mwishowe akatusahau hata sisi. Ndiyo nikakuuliza, maana wewe uko hapo ng'ambo. Nilifikiri pengine na wewe unasikia."

Kicheko cha Wanjugu kilikatika. Aliona yote kwa mpigo mmoja, kifaa cha kaka mtu, kikuukuu, kikidaka kila herufi anayoigonga hapo ukutani. Mzee akiinuka kwenye kiti, akifungua, akitazama kulia na kushoto. Na yeye nyuma ya tundu la mlango na mto wake kinywani. Katika waongo wote wa mkutano ule, na yeye mwenyewe akiwamo, mkweli alikuwa mmoja, na huyo ndiye waliyemtia wazimu. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka.

Chini, mezani, saa ilikuwa inakwenda. Angeweza kusema ndiyo Mwenyekiti, tutaongea, nilete nyundo kwanza. Neno moja tu la kumpoza, kisiwa kingekuwa chake, na ukweli ungesubiri hadi jioni au usisemwe kamwe. Alijua pia kwamba akisema sasa, mtu huyu ana haki ya kuiachia nguzo ianguke, kisha aitishe mkutano.

Akarudi pale nguzoni.

"Ni mimi," alisema. "Hao watu wanaogonga ni mimi, Tobias. Hukuwa unaumwa."

Hakuwahi kumwita kwa jina. Alimweleza haraka haraka, maneno yakigongana: kamba aliyoishika ndiyo antena, lile dude lilikuwa rimu ya baiskeli na mfuniko wa sufuria, halikuwa na uhai, kile kifaa sikioni kinaokota mawimbi, alikuwa anasikia mlango wake ukifunguliwa na alikuwa anacheka, alidhani anamchunguza. Alimwambia na habari ya kisiwa, na mazishi ya Kuria, na kwamba sasa hivi wanafunga mahema. Alimwomba msamaha bila leso, na safari hii machozi yalikuja yenyewe.

Tobias alikaza mikono kwenye nguzo. Uso wake ulipita hasira, ukasimama hapo kidogo, Wanjugu akauona. Alisema kwamba kama asingekuwa ameshika mti kwa mikono miwili, hajui angefanya nini. Kisha mabega yake yakashuka, kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Sina wazimu," alisema.

"Huna hata kidogo."

"Basi nenda ukagonge. Nataka nisikie nikiwa najua ni nani."

Wanjugu alimkumbusha asiguse waya, akateremka ngazi zile kama msichana. Mshale ulikuwa umetulia mahali pake. Mwenyekiti alikuwa mlingoti mzuri kuliko ile miwili ya mbao. Akavaa vipokea sauti. Kimya. Mvumo mtupu. Moyo ulimshuka hadi kwenye ile ndara moja. Kisha, chini kabisa ya mvumo, yule mbu. Wanauliza kama kuna mwingine yeyote Afrika, kabla hawajazima.

Akagonga jina lake. Hawakusikia, wakauliza tena. Akagonga tena, akihofu watazima, akakosea herufi ya mwisho, yeye, wa miaka thelathini. Wakarudisha nusu ya jina na alama ya kuuliza. Akavuta pumzi. Akamfikiria yule mzee paani aliyekuwa anasikiliza, akagonga taratibu, herufi moja moja, kama unavyomgongea mtu unayetaka akufungulie.

Wakamrudishia jina lake zima, na ile namba ya heri wanayopeana watu wa redio. Akawapa yao, akawaaga. Mbu akaaga naye, na baada ya hapo kisiwa kikarudi kwa wenyewe, wasiojua redio.

Simu ya Jaswinder ilikuwa inalia pale sakafuni ilikoangukia. Alikuwa amesikiliza yote kutoka Parklands, na alikuwa analia waziwazi, akisema wamekujibu, mama, mimi nimesikia kwa sikio yangu, sasa mimi nitakutania na nini? Wanjugu alimwambia atafute, bado wana miaka michache. Akamwacha hewani, akapanda tena.

Tobias alikuwa palepale, wima, tai inapeperuka, mikono haijasogea. Hata Nakhumicha alikuwa amerudi na kipande cha kamba akakosa ujasiri wa kumsemesha. Wanjugu alifungua kinywa kumpa habari.

"Usiniambie," Tobias alimkatiza. "Mara ya kwanza ulikuwa na haraka. Ya pili ulikuwa na hofu. Ya tatu nilisikia vizuri sana. Na ile ya mwisho, fupi, uligonga ukiwa unacheka. Umewapata."

Waliifunga nguzo, watu watatu, na mablanketi ya simba yakaanikwa kwenye kamba nyingine. Tobias hakuitisha mkutano. Hakununua kifaa kipya pia, ingawa watoto wake walituma pesa tena. Alisema hiki kinasikia vitu vingi zaidi. Na Komal alipolalamika baadaye kwamba kichwa kimemrudia, na kwamba haiamini ile kamba ya kijani, Mwenyekiti alimweleza kwa sauti kavu ya bima kwamba katika historia ya jengo hakuna mtu aliyewahi kuumwa na kamba ya nguo.

Jumapili asubuhi, siku moja tu baada ya kisiwa, Wanjugu alichemsha chai ya maziwa, akatoa vikombe viwili, akazisogeza redio kando kidogo mezani mpaka pakapatikana nafasi ya sahani. Kisha akakaa na kugonga jina lake mara moja tu, polepole. Hakuwa anaita mtu wa mbali. Alisikiliza kitasa cha mlango wa pili kikizunguka, na hakuinuka kwenda kuchungulia kwenye tundu. Alikwenda kufungua.